Viti Vinane na Mbuzi Mwenye Meno ya Bibi

Jana mchana, wali na maharage vikiwa bado vimemkaa kifuani, Mwanahawa Kibwana alilaza kichwa mezani kando ya kompyuta, akaota kwamba kadi ya michoro imemwita nyumbani kwake.

Si kwamba alikuwa mtu wa kuota ovyo. Alikuwa amechoka, na alikuwa ametoka kugombana. Yeye na mwenzake Lusajo wana studio ndogo ya filamu za katuni pale Morogoro, vyumba viwili juu ya duka la magodoro. Filamu yao ya kwanza ndefu inamhusu Bibi Tabu, ajuza anayemkimbiza mbuzi aliyemwibia meno yake ya bandia. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa kurenda, yaani kuiachia kompyuta ichore picha za mwisho, moja baada ya nyingine, zenye mwanga na vivuli vyake. Kazi hiyo inafanywa na kadi ya michoro iliyomo ndani ya kompyuta, na kadi inataka programu ya kuiongoza. Walikuwa wamezijaribu tatu: Radi, Subira, na ile ya bure iitwayo Jamii. Muda wa kujaribu ulikuwa unaisha jioni ile ile, na televisheni iliitaka filamu Ijumaa.

"Radi," Mwanahawa alikuwa amesema asubuhi. "Tunachukua Radi, tunamaliza Jumatano, tunalala."

"Radi inamfuta mama yangu," alijibu Lusajo.

Sura ya Bibi Tabu Lusajo aliichora kwa kumwangalia mama yake mzazi, aliyeko Kyela na anayeuza mchele kwa kelele. Kila kunyanzi alilitengeneza kwa mkono. Na Radi, ili iende mbio, huichora picha ikiwa imejaa chembechembe kama iliyomwagiwa mchanga, kisha huzipangusa. Inapopangusa haijui ipi ni chembe na lipi ni kunyanzi. Bibi Tabu alikuwa anatoka laini kama yai la kuchemsha.

"Na Subira haimalizi mpaka tuzeeke sisi," Mwanahawa alisema. "Manyoya ya mbuzi peke yake yanaishinda."

Manyoya hayo alikuwa ameyatengeneza yeye, unywele kwa unywele. Alikuwa akiwaonyesha mpaka watu waliokuja kununua magodoro.

"Chagua wewe basi," Lusajo alisema. "Ila ukichagua Radi, jina langu litoe." Akatoka kwenda roshani, akakaa huko akiangalia mlima kana kwamba mlima ndio umemkosea.

Tangu hapo hawakusemezana. Mwanahawa alikula peke yake, akalaza kichwa, na sasa yuko kwenye sebule ya kadi ya michoro.

Kadi ni mama wa makamo, mweusi, mrefu, amevaa dera. Ana feni mbili kifuani zinazozunguka bila kukoma.

"Shikamoo," anasema Mwanahawa.

"Marahaba. Usinisogelee sana mwanangu, nina joto la digrii themanini. Kwangu ni kawaida." Anaonyesha ukutani. "Hapa kuna viti vinane. Hiyo ndiyo kumbukumbu yangu yote. Kila kilichomo kwenye picha lazima kikae kitini. Viti vikijaa, nazimia."

"Hakuna mkeka?"

"Mkeka uko kwa kompyuta, kule ng'ambo. Mpaka uende urudi nao, filamu imeshapitwa na wakati."

Mwanahawa aliona jambo hilo ni la haki kabisa.

Mlango unafunguka, anaingia kijana mwenye suti inayong'aa.

"Hapana, asante, nimeshakula," anasema kijana. Hakuna aliyemkaribisha chakula. "Naitwa Radi. Nami nimefurahi kukufahamu. Ndiyo, naweza. Jumatano."

"Sijauliza bado," alisema Mwanahawa.

"Ulikuwa unakwenda kuuliza. Nimekuokolea muda." Anavuta kiti, anakaa, anasimama, anakaa tena. Nyuma yake ameingia mama mnene mwenye ndoo na kitambaa kibichi. "Huyu ni shangazi yangu, Mama Safi. Mimi nachora, yeye anapangusa. Hatulali, hatuulizi maswali."

Mama Safi hakusalimia. Alikuwa ameshaanza kuipangusa saa ya ukutani. Alipomaliza, saa ilikuwa haina mishale wala namba, lakini ilikuwa inang'aa sana.

Kisha ukasikika mshindo barazani, kama wa watu wanaohamia nyumba ambayo wenyewe hawajatoka.

"Hao ni Jamii," alisema kadi. "Wa bure. Wanakuja ukoo mzima."

Walikuwa kama elfu tatu. Hawakuweza kuingia wote, kwa hiyo waliingiza vichwa kwa zamu kupitia dirishani. Kila kichwa kilikuwa kimekuja kusaidia kwa moyo mmoja.

"Tatizo lako nini, dada?" kiliuliza kichwa cha kwanza.

"Nachagua programu ya kurenda..."

"Hilo swali liliulizwa zamani," kikasema cha pili. "Limefungwa."

"Jibu lake lilikuwa nini?"

"Aliyeuliza aliandika, 'Nimeshapata ufumbuzi, asanteni,' akaondoka."

Kichwa cha tatu kikasema ufumbuzi ni kubadilisha kadi. Cha nne kikasema ufumbuzi ni kumbadilisha Mwanahawa. Cha tano kikatukana cha nne. Dakika hiyo hiyo ukoo ukagawanyika makundi mawili, na kila kundi likaenda kuanzisha programu yake upande wa pili wa barabara. Dirisha likabaki tupu. Mwanahawa alisikitika, maana walikuwa watu wazuri.

Wa tatu kufika alikuwa Subira. Hakugonga. Alikuwa ameshakaa kitini, na hakuna aliyemwona akiingia, kwa sababu alikuwa ameanza kuingia tangu juzi. Alikuwa bibi mkavu mwenye kibuyu mapajani, akihesabu punje moja moja za kitu kilichomo ndani.

"Shikamoo, bibi," alisema Mwanahawa.

Subira alimtazama. Akachukua punje nyingine. Hakujibu.

"Atajibu," alisema kadi. "Tuendelee tu."

Wakaendelea, na kuendelea kwenyewe kukawa ni kuhamia sokoni. Sebule haikwenda popote, ila sasa ina mafungu ya nyanya, na viti vinane vimepangwa kati ya mafungu hayo. Ni lile soko la kwenye filamu yao. Mwanahawa alilitambua kwa sababu nyanya zote zilikuwa ni nyanya moja iliyonakiliwa.

Bibi Tabu mwenyewe amesimama pale, ameegemea ukuta, hataki kubanduka.

"Karibu ukae, bibi," alisema Mwanahawa.

"Nitakaaje? Sina mgongo."

"Huna mgongo?"

"Wewe ndiye unaniuliza mimi? Si ulisema kamera haitanipiga kwa nyuma? Nimebaki mbele mtupu, kama bango la mgombea." Alikuwa na sauti ya kuuzia mchele. "Na meno yangu yako wapi?"

"Yako hapa, mama," alisema mbuzi.

Mbuzi alikuwa amekaa karibu, meno ya bandia mdomoni, anaongea Kiswahili kilichonyooka kama msoma taarifa ya habari. Mwili wake ulikuwa kwenye kiti kimoja. Manyoya yake yalikuwa kwenye vingine vinne, yamekunja miguu.

"Mbona manyoya yana viti vyao?" Mwanahawa aliuliza.

"Ni milioni mbili," alijibu mbuzi. "Ulitaka yasimame?"

Mwanahawa alihesabu. Mbuzi na manyoya, vitano. Radi, kimoja. Subira, kimoja. Nyanya, kimoja. Bibi Tabu alikuwa bado yuko ukutani, na viti vimekwisha.

"Akae tu," alisema Mwanahawa. "Ni mmoja."

"Nilikwambia mwanangu," alisema kadi, na sauti yake ilikuwa imeanza kupungua. Feni za kifuani zikalia kama mashine ya kusaga. "Nilikwambia mapema."

Bibi Tabu akakaa mapajani kwa Radi, na kumbukumbu ikajaa.

Kitu cha kwanza kupotea kilikuwa neno la kile kitu ambacho watu hupitia wakitoka ndani kwenda nje. Mwanahawa alikitazama. Kilikuwa na bawaba na kitasa. Hakikuwa na jina. Kisha likapotea jina la rangi ya nyanya, na nyanya zote zikawa za waridi kali lisilo la dunia hii. Kisha akasahau kuhusu mkono wake wa kushoto, ambao ulikuwa bado upo ila haukumhusu.

Kwenye kona ya soko amekaa mwanamume mwembamba mwenye miwani, ameshika penseli. Anamtazama Mwanahawa kwa namna ya mtu anayesubiri kuitwa.

"Wewe ni nani?" Mwanahawa aliuliza.

"Acha utani, Mwana," alisema yule mtu.

"Sifanyi utani. Sikujui."

Mwanamume akaangalia chini. "Tulikula mihogo mwaka mzima ili tununue hiyo kadi," alisema. "Tulilala kwenye godoro la maonyesho la mwenye duka. Tulikuwa tunalala kwa zamu." Hakusema kwa hasira. Aliyasema kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

Mwanahawa aliyasikia yote na hakuna hata moja lililomgusa, na hilo lenyewe ndilo lililomtisha. Alijua kuna mahali ndani yake palipopaswa kuuma. Alipatafuta, akakuta pamekaa manyoya.

"Jambo dogo," alisema Radi. "Umeshakubali. Shangazi!"

Mama Safi alikuja na ndoo yake. "Vitu vingi mno humu," alisema. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza. "Uchafu mtupu. Tupunguze."

Akamshika Bibi Tabu kidevu, akampangusa shavu la kulia. Makunyanzi yalitoka na kitambaa kama utando wa buibui. Shavu likabaki jeupe la mwanga, limenyooka, halina mwaka hata mmoja.

"Eh! Mbona sisikii kitu upande huu?" alisema Bibi Tabu. "We mama, hayo nimeyapata kwa kucheka na kwa kuwafokea watu. Mengine kwa moshi wa kuni. Hukunipa wewe."

"Ni chembechembe," alisema Mama Safi.

"Ni mimi!"

Yule mwanamume mwenye miwani alisimama, penseli mkononi, akawa anajaribu kuyarudisha makunyanzi kwa kuyachora upya. Lakini alikuwa peke yake, na kitambaa kilikuwa kinakwenda kasi kuliko penseli.

Mwanahawa alitaka kusema kitu. Kabla hajasema, Mama Safi aligeuka, akamtazama usoni, akakunja kitambaa upande ulio safi.

"Na wewe una doa," alisema.

Mwanahawa ana kidoti cheusi kwenye shavu la kushoto, kikubwa kama mbegu ya papai. Marehemu baba yake alikuwa akikibonyeza kwa kidole kila anaporudi kutoka kazini, na kusema "ti!" kama mtu anayepiga kengele ya nyumba, na Mwanahawa mdogo alipaswa kujibu, "Nani?" Kitambaa kibichi kilimgusa pale pale. Kilikuwa baridi. Kikatelezeshwa mara moja, kutoka kushoto kuja kulia, na alihisi ile "ti" ikianza kumtoka kichwani, kama jina la mtu unayemwona kila siku na ghafla hulipati.

Akaukamata mkono wa Mama Safi.

"Hiyo si chembe," alisema.

"Zote zinasema hivyo," alijibu Mama Safi, na akaendelea kusukuma.

"Nimesema acha!" Alipiga kelele mpaka Radi akanyamaza katikati ya jibu. "Kama ni kupunguza, nitapunguza mimi. Naanza na changu."

Akatazama viti vinane. Vinne kati ya hivyo vilikuwa na manyoya. Yalikuwa mazuri kweli. Yalikuwa yanapepea ingawa hapakuwa na upepo, na kila ncha ilikuwa na kitone cha mwanga, na hakuna mtu hata mmoja katika nchi nzima ambaye angeketi mbele ya televisheni na kuyahesabu.

"Mbuzi," alisema Mwanahawa. "Njoo."

"Nilikuwa najua siku hii itafika," alisema mbuzi.

Sokoni pakawa kwa kinyozi. Bango lilikuwa limeandikwa MTINDO WOWOTE, na chini yake kwa herufi ndogo, ISIPOKUWA HUO. Mbuzi alikaa, akafungwa kitambaa shingoni. Mwanahawa alishika mashine. Mkono wake wa kushoto bado haukumhusu, kwa hiyo alitumia wa kulia.

"Kata kwa pembeni, juu niachie kidogo," alisema mbuzi.

"Nakata yote."

"Hata ndevu?"

Mwanahawa alisita. "Ndevu nitakuachia."

"Basi wewe ni mtu," alisema mbuzi.

Akanyoa. Kila mkupuo ulimuuma, kwa sababu kila mkupuo ulikuwa ni jioni moja ya maisha yake. Manyoya yalianguka sakafuni na, kwa adabu, yakatoka nje yenyewe kwa mstari. Kiti kimoja kikawa wazi. Kisha cha pili. Kilipofunguka cha tatu, alijua kwamba kile kitu chenye bawaba ni mlango. Kilipofunguka cha nne, aligeuka kwa yule mwanamume wa kwenye kona.

"Lusajo," alisema.

"Naam."

"Lile godoro lilikuwa na kunguni."

"Sana," alisema Lusajo.

Feni za kadi zilishusha pumzi. Bibi Tabu alishuka mapajani kwa Radi, akapata kiti chake, na kwa kuwa sasa nafasi ilikuwepo alipata pia mgongo. Aliugusa kwa mkono, akashangaa. "Kumbe nina kibiongo," alisema kwa fahari. Radi alitazama saa isiyo na namba, akasema, "Ndiyo, naona mmeshaamua, sina kinyongo," akatoka kabla hajafukuzwa. Shangazi yake alimfuata, akipangusa nyayo zake nyuma yake mpaka zikaisha, na barabara nayo ikaisha.

Mbuzi alijitazama kwenye kioo. Alikuwa mwembamba, wa kijivu, ana ndevu na meno ya bandia. "Nafanana na mkaguzi wa shule," alisema. Hakuonekana kusikitika sana.

Subira aliweka punje ya mwisho ndani ya kibuyu, akafunga mdomo wake, akainua uso.

"Marahaba," alisema.

Mwanahawa akaamka.

Shavu lake la kulia lilikuwa limejichora alama za vibonye vya kibodi. Nje walikuwa wanapakia magodoro na mtu alikuwa anabishana juu ya kamba. Lusajo alikuwa amerudi kutoka roshani, amekaa kwenye kiti chake, amempa mgongo, anasogeza kitu kwenye kioo cha kompyuta bila kukisogeza hasa.

"Lusajo."

"Sema."

"Tumnyoe mbuzi."

Hakugeuka. "Mbuzi yupi?"

"Tunaye mmoja tu. Tumtoe manyoya yote, tumpake ngozi ya kawaida. Tumwachie ndevu. Kumbukumbu ya kadi itapata nafasi, na Subira itakimbia."

Sasa aligeuka. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. "Manyoya yale? Uliyomwonyesha hata yule mzee aliyekuja kurudisha mto?"

"Hayo hayo."

"Kwa nini?"

Mwanahawa alifikiria namna ya kulieleza. Alifikiria viti, na kile kitambaa baridi. "Yanakaa pabaya," alisema.

Lusajo alivuta kiti chake mpaka kwenye meza ya Mwanahawa, magurudumu yakilia, na wakafungua faili la mbuzi pamoja. Kitufe cha kufuta Mwanahawa alikibonyeza mwenyewe. Manyoya milioni mbili yalitoweka kwa mara moja, na pale alipobaki mbuzi, mtupu na mwenye ndevu, Lusajo alijishika mdomo. Hakuweza kujizuia. Alicheka mpaka akaegemea meza.

"Anafanana na mwalimu wangu wa hesabu," alisema.

"Mkaguzi wa shule," alisema Mwanahawa, naye akaanza kucheka.

Walinunua Subira kabla ya magharibi. Wakaipa picha moja kwa majaribio: Bibi Tabu sokoni, jua la asubuhi upande wa kulia. Ilikwenda kwa vigae, mraba mmoja mmoja, bila haraka, lakini ilikwenda. Kwa hesabu yao filamu itatoka Alhamisi jioni. Kigae cha shavu kilipofunguka, makunyanzi yote yalikuwepo, na kwenye lile kubwa la karibu na mdomo kulikuwa na mwanga wa rangi ya nyanya, mwanga uliogonga fungu la nyanya kisha ukapanda taratibu mpaka pale.

Lusajo alilitazama shavu lile kwa muda mrefu. "Huyo ndiye," alisema. Kisha, kwa sauti ya chini kidogo, "Asante, Mwana."

Akageuka kumtazama aliyemshukuru, na akakunja uso. Akasogea karibu zaidi.

"Shavu lako limefanya nini?"

"La kulia? Nililalia kibodi."

"La kushoto."

Mwanahawa alichukua simu, akafungua kamera, akajielekezea. Kidoti kilikuwepo, ila nusu tu. Upande wake wa kulia kilikuwa cheusi kama kawaida. Upande wa kushoto hapakuwa na kitu, wala kovu wala wekundu, na mahali zile pande mbili zilipokutana palikuwa pamenyooka wima, kama pamekatwa kwa rula.

Alikibonyeza kwa kidole.

Ngozi ya pale ilikuwa bado mbichi, baridi kama kile kitambaa.